Bonde la Ruhr: Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

MTU akipanda garimoshi mjini Duisburg, magharibi ya Ujerumani, akaelekea mashariki, kabla hajamaliza kusoma gazeti lake atakuwa amekwisha ipita miji ya Mülheim, Essen na Bochum, naye anaingia Dortmund. Garimoshi ni jina tu, kwani siku hizi linakwenda kwa umeme wala halitoi moshi hata kidogo. Miji hiyo imefuatana kama shanga katika uzi mmoja. Kutoka Essen hadi Dortmund ni mwendo usiozidi ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Kibaha, na mgeni asiyesoma vibao vya stesheni hawezi kujua ni wapi mji mmoja umekwisha na mwingine umeanza. Nchi hiyo, iliyoko kati ya mto Ruhr kwa kusini na mto Lippe kwa kaskazini, ndiyo iitwayo Bonde la Ruhr. Wakazi wake ni zaidi ya milioni tano.

Anayechungulia dirishani ataona miti mingi kuliko alivyotarajia. Ataona pia vilima vya ajabu, vilivyofunikwa na majani mabichi, lakini vilele vyake ni bapa kana kwamba vimekatwa kwa kisu. Vilima hivyo havikuumbwa pamoja na nchi. Ni vifusi vya mawe vilivyotolewa chini ya ardhi pamoja na makaa, vikarundikwa mwaka baada ya mwaka, hata nyasi zikaota juu yake. Kila kilima ni kumbukumbu ya jasho la watu, na kila kilima kimeacha uwazi chini ya ardhi pale mawe yake yalipotoka. Habari za uwazi huo tutazirudia baadaye, maana ndio wenye deni lisilokwisha.

Tumezoea kusikia kwamba umaskini ni wa nchi fulani na utajiri ni wa nchi nyingine. Bonde la Ruhr linaonyesha kwamba hata ndani ya taifa tajiri kazi huweza kwisha, mji ukazeeka, na baba mwenye nyumba akaamka asubuhi akiwa hana mahali pa kwenda. Likitokea jambo hilo, taifa hufanya nini? Na nani hulipa? Maswali hayo si ya Ruhr peke yake. Leo hii yanaulizwa katika Ujerumani nzima.

MAKAA CHINI, CHUMA JUU

Mwaka 1811 Friedrich Krupp alianzisha mjini Essen karakana ndogo ya kuyeyushia chuma. Baada ya vizazi viwili tu, karakana hiyo ilikuwa mji ndani ya mji. Mwaka 1851 mgodi wa Zollverein, kaskazini ya Essen, ulitoa makaa yake ya kwanza. Makaa yalikuwa chini, chuma kikayeyushwa juu, na mto Rhine ulikuwa karibu kwa kusafirishia vyote viwili. Vijiji vya wakulima viligeuka kuwa miji mikubwa katika muda wa umri wa mtu mmoja. Gelsenkirchen, uliokuwa kijiji, uliitwa mji wa mioto elfu, kwa jinsi mbingu yake ilivyowaka usiku.

Watu wa kazi hizo walitoka mbali. Kabla ya mwaka 1914 walikuja maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Poland. Baada ya mapatano ya mwaka 1961 baina ya Ujerumani Magharibi na Uturuki, walikuja Waturuki. Chini ya ardhi, ambako jiwe likianguka halichagui lugha, watu hao walilazimika kuaminiana. Mchimbaji alimwita mwenzake "Kumpel", na neno hilo leo katika Ujerumani yote lina maana ya rafiki wa kweli. Waliamkiana kwa kusema "Glück auf", yaani kutakiana heri, na kwamba anayeshuka apande tena salama.

Maisha ya nyumbani yalikuwa na utaratibu wake. Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, na kampuni ndiyo iliyogawa makaa ya kupikia na kuotea moto. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibustani cha viazi na kabichi, na pembeni yake banda la mbuzi. Mbuzi huyo aliitwa ng'ombe wa mchimbaji, maana ndiye aliyewapa watoto maziwa. Wanaume walifuga njiwa wa mashindano. Siku ya mapumziko watu walijaa viwanjani kutazama kandanda, na hadi leo timu ya Schalke 04 ya Gelsenkirchen hupewa jina la utani la wachimbaji. Akina mama nao walikuwa na vita vyao vya kila wiki. Shuka iliyoanikwa nyeupe asubuhi huenda ikaanuliwa ikiwa na rangi ya majivu. Mwaka 1961 mwanasiasa Willy Brandt alipotamka kwamba mbingu ya Ruhr haina budi kuwa ya buluu tena, wako waliomcheka. Walidhani moshi ndio mkate wenyewe, na kwamba ukiondoka moshi na mkate nao utaondoka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ulaya iliyobomoka ilihitaji makaa na chuma kabla ya kitu kingine chochote. Kwa sababu hiyo Ruhr ilipewa heshima ya pekee. Mwaka 1951 mataifa sita yalitia saini mkataba wa kuweka makaa na chuma chao chini ya usimamizi wa pamoja, na mkataba huo ndio mzizi wa Umoja wa Ulaya wa leo. Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha sheria iliyosema kwamba katika kampuni kubwa za makaa na chuma, halmashauri ya usimamizi itakuwa na wajumbe wa wafanyakazi sawa kwa idadi na wajumbe wa wenye mali, pamoja na mtu mmoja asiyeegemea upande wowote. Msomaji na aikumbuke sheria hiyo. Haikuzuia migodi kufungwa, lakini ilitawala namna ilivyofungwa.

MLIMA WA MAKAA YASIYO NA MNUNUZI

Mwaka 1957 takriban watu 600,000 walifanya kazi katika migodi ya makaa ya Ujerumani Magharibi, na wengi wao walikuwa wa Ruhr. Mwaka uliofuata, 1958, jambo lisilotazamiwa lilitokea. Makaa yalichimbwa kama kawaida, lakini hayakuondoka. Yalirundikwa kando ya migodi hata yakawa vilima. Mafuta ya petroli yalikuwa yameshuka bei, na makaa ya Marekani, yaliyochimbwa karibu na uso wa ardhi na kuvuka bahari kwa meli, yalifika Ujerumani kwa bei ndogo kuliko makaa yaliyochimbwa chini ya miguu ya Wajerumani wenyewe. Tarehe 26 Septemba, 1959, wachimbaji wapatao 60,000 waliandamana kimya kimya katika mitaa ya Bonn, uliokuwa mji mkuu.

Hapo pana jambo la kutafakari. Miaka hiyo haikuwa miaka ya njaa nchini Ujerumani. Ilikuwa miaka ya neema, ambayo Wajerumani wenyewe waliiita muujiza wa uchumi. Magari, mashine na dawa ziliuzwa ulimwenguni kote. Pato la taifa lilipanda, na huku mgodi baada ya mgodi ukifungwa. Hesabu ya taifa zima inaweza kuwa nzuri, nayo hesabu ya mtaa mmoja ikawa ya kilio. Mji wa Gelsenkirchen ulikuwa na watu karibu 390,000 mwaka 1959. Leo wamebaki theluthi mbili hivi, nao ni miongoni mwa miji ya Ujerumani yenye watu wengi wasio na kazi.

Ugonjwa haukuishia kwenye makaa. Katika miaka ya 1970 na 1980 chuma nacho kilishikwa. Mwezi Novemba 1987 ilitangazwa kwamba kiwanda cha chuma cha Krupp huko Rheinhausen, upande wa pili wa mto Rhine mjini Duisburg, kitafungwa. Wafanyakazi walitoka pamoja na wake zao na watoto wao, wakafunga daraja la Rhine. Mapambano yao yaliendelea kwa miezi kadhaa, na daraja lile hadi leo linaitwa Daraja la Mshikamano. Hata hivyo kiwanda kilizimwa mwaka 1993. Walichopata si kiwanda. Walichopata ni muda, na masharti bora ya kuondoka.

KUFUNGA KWA UTARATIBU

Katika nchi nyingine tajiri migodi ilifungwa kwa ubishi na kwa haraka. Uingereza, baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1984 na 1985, vijiji vingi vya wachimbaji viliachwa vijitafutie. Ujerumani ilichagua njia nyingine. Mwaka 1968 kampuni nyingi za migodi ziliunganishwa kuwa shirika moja, Ruhrkohle, lenye makao yake Essen. Serikali, wenye mali na chama cha wafanyakazi walikubaliana kwamba migodi itapungua, lakini hakuna mchimbaji atakayetupwa barabarani.

Ahadi hiyo ilitekelezwa kwa njia tatu. Kwanza, mgodi ulipofungwa, vijana walihamishiwa mgodi mwingine. Pili, wachimbaji waliofanya kazi chini ya ardhi kwa muda mrefu waliruhusiwa kuondoka wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, wakilipwa posho ya kuwafikisha kwenye malipo yao ya uzeeni. Tatu, waliotaka walifundishwa kazi nyingine. Safari hiyo ilichukua miaka 60. Tarehe 21 Desemba, 2018, katika mgodi wa Prosper-Haniel mjini Bottrop, wachimbaji walipanda juu kwa mara ya mwisho, wakamkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier pande la mwisho la makaa. Wanaume wazima walilia. Lakini hakuna aliyekuwa akilia kwa sababu watoto wake watalala na njaa.

Jambo jingine lililofanyika lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Chuo kikuu cha zamani cha Duisburg kilifungwa mwaka 1818, na tangu hapo kwa karibu miaka mia moja na hamsini eneo hili lenye mamilioni ya watu halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mtoto wa mchimbaji alitarajiwa kuwa mchimbaji. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Bochum kilifungua milango yake. Kikafuata cha Dortmund mwaka 1968, kisha vya Essen na Duisburg mwaka 1972, na baadaye Hagen kikaanzishwa chuo cha masomo kwa njia ya posta. Vyuo hivyo havikuajiri watu wengi mara moja kama mgodi ulivyoajiri. Hata hivyo vilimfungulia mlango kijana wa kike, ambaye migodi haikuwa na nafasi naye, na vilimpa kijana wa kiume hiari ambayo baba yake hakuwa nayo.

BEI YA SUBIRA

Si haki kusimulia mema tu. Subira hiyo ilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa kubwa mno. Tangu katikati ya miaka ya 1970 kila mwananchi wa Ujerumani Magharibi aliyewasha taa nyumbani mwake alilipa senti za ziada kwa ajili ya makaa ya nyumbani, hadi Mahakama ya Katiba ilipotamka mwaka 1994 kwamba tozo hiyo haikuwa halali. Baada ya hapo ruzuku ilitoka moja kwa moja katika hazina ya serikali. Kwa jumla, fedha za umma zilizotumika kuyabeba makaa ya Ujerumani kwa miaka hiyo yote zilizidi euro bilioni 100.

Wanaolaumu wanauliza: je, fedha hizo zingefanya nini kama zingewekwa mapema katika kazi mpya? Swali lao lina uzito. Tena wanakumbusha kwamba kampuni za makaa na chuma, zilizomiliki sehemu kubwa ya ardhi, zilisita kuwauzia wenye viwanda vingine kwa kuogopa kunyang'anywa wafanyakazi. Kwa miaka mingi ya kale yalilindwa dhidi ya mapya.

Na mapya nayo hayakuwa salama daima. Bochum ulibahatika kuvunja ukuta huo mwaka 1962, pale kiwanda cha magari cha Opel kilipojengwa juu ya ardhi ya mgodi uliofungwa. Katika siku zake njema kiliajiri watu zaidi ya 20,000, nacho kilifungwa mwaka 2014. Kampuni ya Nokia ilitengeneza simu mjini humo humo, ikafunga kiwanda chake mwaka 2008 na kupeleka kazi Romania, ambako mishahara ilikuwa midogo. Watu wapatao 2,300 wa Bochum walipoteza kazi. Mwaka 2011 Nokia iliaga Romania pia. Mji unaomwacha tajiri mmoja mkubwa ili kumkumbatia tajiri mwingine mkubwa haujabadili hali yake. Umebadili jina la mwajiri tu.

MAHALI PALIPOGEUZWA

Mgeni anayetaka kuona mageuzi kwa macho yake na aende kwanza Zollverein. Mnara wake wa magurudumu, wenye urefu wa mita 55, ni mwekundu, na bado unasimama kama lango la nyumba kubwa. Mgodi ulifungwa Desemba 1986. Wako waliotaka kuubomoa na kuuza chuma chake chakavu. Badala yake ulihifadhiwa, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Pale makaa yalipooshwa sasa ni jumba la makumbusho, ambamo watoto wa shule hupita wakiwauliza walimu wao maswali ambayo babu zao wangeyajibu kwa kukohoa.

Huko Duisburg tanuri za chuma za Meiderich, zilizozimwa mwaka 1985, zimegeuzwa bustani ya wananchi. Vijana hukwea kuta za maghala ya zamani, na wapiga mbizi huzama katika tangi kubwa la gesi lililojazwa maji. Katika mji wa Oberhausen tangi jingine la gesi, lenye urefu wa mita 117, ni ukumbi wa maonyesho tangu 1994. Karibu yake, juu ya ardhi ya kiwanda cha chuma, lilifunguliwa mwaka 1996 jengo kubwa mno la maduka. Maduka hayo yalileta ajira, lakini pia yaliwavuta wanunuzi kutoka mitaa ya zamani ya katikati ya mji, na mitaa hiyo ikapauka.

Ajabu kubwa zaidi iko Dortmund. Kiwanda cha chuma cha Phoenix kilipozimwa mwaka 2001, kilinunuliwa na kampuni moja ya China. Mamia ya mafundi Wachina walikuja, wakakifungua kipande kwa kipande, wakaandika namba, wakakifunga katika makasha na kukisafirisha hadi karibu na mdomo wa mto Yangtze. Pale kiwanda kilipokuwa pakachimbwa ziwa, na mwezi Oktoba 2010 maji yakaanza kufunguliwa. Leo kando ya ziwa hilo zipo nyumba nzuri za bei kubwa, na mashua ndogo zenye tanga jeupe. Lakini mtu akivuka barabara na kuingia mtaa wa nyuma, atakuta nyumba zile zile za wafanyakazi, na ndani yake wazee wanaotazama ziwa ambalo hawawezi kupanga chumba kando yake. Mahali pamepona, wenye mahali si wote waliopona.

Mto Emscher nao una kisa. Kwa kuwa ardhi ilikuwa ikititia kwa sababu ya migodi, mabomba ya maji machafu hayakuweza kufukiwa bila kuvunjika. Basi tangu mwanzo wa karne ya 20 mto mzima uligeuzwa mfereji wa wazi wa uchafu, ukapita katikati ya miji ukinuka. Wazazi waliwakataza watoto wao kuukaribia. Kazi ya kuusafisha ilianza mwaka 1992, ikatumia euro zaidi ya bilioni tano, na mwishoni mwa 2021 uchafu uliondolewa mtoni kabisa na kupitishwa katika bomba kubwa chini ya ardhi. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa mkate wahandisi, waashi, madereva na watunza bustani kwa miaka 30. Kusafisha nako ni kazi.

DENI LISILOKWISHA

Sasa turudi kwenye ule uwazi wa chini. Makaa yalipoondolewa, nchi ilititia. Katika sehemu kadhaa za Essen, Bottrop na Gelsenkirchen ardhi imeshuka mita 20 na hata zaidi. Mito ambayo zamani iliteremka sasa ingelazimika kupanda. Kwa hiyo usiku na mchana, siku za kazi na siku kuu, pampu huyanyanyua maji na kuyatupa juu. Pampu hizo zikizimwa, sehemu kubwa ya bonde la Emscher, pamoja na nyumba zake, shule zake na makaburi yake, itageuka maziwa. Tena maji ya ndani ya migodi ya zamani nayo hayana budi kuchungwa yasipande hadi kuchanganyika na maji ya kunywa.

Wajerumani huziita gharama hizo mizigo ya milele, na hawatanii. Mwaka 2007, walipokata shauri kwamba ruzuku ya makaa itakoma mwaka 2018, waliunda mfuko maalumu ulioshika mali ya shirika la makaa ambayo haikuwa ya migodi, hususan kampuni ya kemikali, ili faida yake ilipe pampu hizo daima. Mfuko huo hulipa zaidi ya euro milioni 200 kila mwaka. Wazo hilo ni la busara. Ila mtu hawezi kujizuia kuuliza: je, mwaka 1851, mmiliki wa Zollverein alipouza tani yake ya kwanza, aliweka kando senti ngapi kwa ajili ya pampu ya vitukuu? Hakuweka hata moja. Bei ya makaa katika miaka yote ile ilikuwa rahisi kwa sababu nusu ya hesabu iliachwa waje kuilipa watu ambao walikuwa hawajazaliwa.

UJERUMANI NZIMA NJIA PANDA

Kilichoipata Ruhr mwaka 1958 sasa kinabisha hodi katika mlango wa taifa zima. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, gesi rahisi iliyokuwa ikiendesha viwanda vya Ujerumani ilikatika. China, iliyokuwa mnunuzi wa magari na mashine za Ujerumani, imejifunza kuzitengeneza yenyewe. Uchumi wa nchi ulirudi nyuma mwaka 2023, na tena mwaka 2024. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya thyssenkrupp, ambayo tanuri zake za Duisburg bado ndizo kubwa kupita zote nchini, ilitangaza kwamba nafasi za kazi 11,000 katika chuma zitapunguzwa au kuhamishiwa kwa wengine.

Hata barabara zimechoka. Daraja la Rahmede, kusini ya Hagen, katika njia kuu inayoihudumia Ruhr, lilifungwa ghafla Desemba 2021 baada ya kukutwa limeharibika, na likalipuliwa Mei 2023. Malori yalizunguka katika vijiji kwa miaka kadhaa. Taifa lililojulikana kwa uhandisi lilikuwa limejibana matumizi kiasi cha kusahau kukarabati madaraja yake. Tangu mwaka 2009 Katiba iliiwekea serikali mpaka mkali wa kukopa. Mpaka huo ulilinda hazina, lakini daraja linaloliwa na kutu nalo ni deni, ingawa haliandikwi katika daftari. Mwezi Machi 2025 Bunge liliibadili Katiba, likaruhusu mfuko wa euro bilioni 500 kwa ajili ya barabara, reli, shule na nishati.

Pia serikali imeahidi takriban euro bilioni mbili kusaidia mtambo mpya mjini Duisburg utakaotengeneza chuma kwa haidrojeni badala ya makaa. Hapo ndipo mjadala unapopamba moto. Je, hiyo ni mbegu ya kazi mpya, au ni ruzuku ile ile ya makaa iliyovaa kanzu nyingine? Jibu halijulikani kwa jina la mtambo. Litajulikana kwa masharti yake: kama ipo siku iliyowekwa ya kusimama bila mkongojo, na kama mnunuzi yupo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, Ruhr imekwisha wafanyia wengine majaribio kwa gharama yake yenyewe. Kumlinda mfanyakazi ni jambo moja na kulilinda shimo ni jambo jingine. Fedha zilizomfuata mtu hadi kwenye kazi nyingine hazikupotea, bali zilizobaki kulisha shimo ndizo zilizochelewesha mapambazuko. Shule na vyuo hujengwa mapema, mapato yakiwa bado yapo, kwa kuwa chuo hakizai matunda kwa msimu mmoja. Mfanyakazi aliyeketi katika meza ya uamuzi hukubali hata uamuzi mchungu, kwa kuwa ameiona hesabu kwa macho yake. Na gharama ya kufunga hujumlishwa siku ya kufungua.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika Ruhr koleo limevunjika kweli, na wahunzi wengi hawakupata jingine. Lakini watoto wao wanasoma, mto wao umeanza kupata samaki, na shuka zikianikwa Gelsenkirchen huanuliwa zikiwa nyeupe. Ukipanda kilima cha vifusi kilichoko Bottrop, ambapo mwaka 1995 walisimamisha piramidi ya vyuma vitupu yenye ngazi za kutazamia mbali, utaiona nchi hiyo yote: misitu, minara ya kanisa, uwanja wa kandanda, na kwa mbali moshi wa tanuri chache zilizosalia Duisburg. Pampu huzioni wala huzisikii. Ziko bondeni, zinavuta maji.